Jina Lililokalia Kitufe

Jana mchana, baada ya sahani mbili za makande, Asnati Mbaga aliota kwamba kazi yake imechukuliwa na shati. Nayataja makande makusudi, maana ofisini kwao wameshasema ni shibe tu ile. Waseme wanavyotaka. Mimi nasimulia.

Asnati ni fundi wa kurasa za mtandao pale Redio Tulivu, Morogoro, na ukurasa anaojivunia ni mmoja tu, ule wa salamu. Zamani wasikilizaji walinunua kadi, wakaandika wako wapi, wanawasalimu akina nani watatu na ujumbe wao ni upi, wakazipeleka redioni. Siku hizi wanaandika kwenye simu, wanabonyeza kitufe cha Tuma Salamu, na saa kumi jioni mtangazaji anazisoma. Ukurasa huo Asnati aliuandika kwa mkono, mstari kwa mstari, akauhangaikia miaka sita. Chini kabisa kuna maneno ya rangi ya kijivu: "Umetengenezwa na Asnati Mbaga." Mama yake, aliyeko Same, huufungua kila asubuhi kabla ya chai. Hasomi salamu za mtu. Anateremka moja kwa moja hadi chini, analiangalia jina la mwanawe, kisha anaweka simu pembeni na kumimina chai.

Sasa, mwezi uliopita meneja wao, Bi. Stamili, akaleta akili mnemba ya kuwasaidia mafundi kuandika programu. Wakaiita Msaidizi. Siku ya kwanza Asnati akamwomba akiweke kile kitufe katikati kwenye simu zenye kioo kidogo, kazi iliyokuwa imemtoa jasho siku tisa. Msaidizi akaimaliza kabla chai haijapoa. Ofisi nzima ikapiga makofi, na Asnati naye akapiga, lakini roho ilimuuma, tena vibaya sana. Asije mtu kuniambia alikuwa anahofia kibarua. Ulikuwa wivu mtupu, ule wa kumwona mtoto uliyemlea akikununia wewe huku akimchekea mgeni.

Na jana asubuhi Bi. Stamili akapita mezani kwake. "Asnati mdogo wangu, pale chini ongeza na jina la Msaidizi. Haki yake. Kabla ya saa kumi, tafadhali."

"Sawa, dada," akasema Asnati.

Akaenda kula makande kwa hasira. Aliporudi akafungua faili, akautazama ule mstari wenye jina lake, akalaza kichwa mezani. Saa saba na nusu alikuwa amekwisha kuchukuliwa na usingizi.

Yuko ofisini, ila ofisi imekuwa ukurasa. Sakafu ni nyeupe, haina vumbi wala viti. Katikati kimekaa Kitufe, kipana kama kitanda cha sita kwa sita, kijani ileile aliyoichagua yeye mwenyewe.

"Shikamoo," kinasema Kitufe.

"Marahaba. Nani amekuweka hapo katikati?"

"Unamjua."

"Si mimi niliyekutengeneza?"

"Ni wewe, sikatai. Lakini wewe siku tisa ulikuwa unanisukuma huku na huku na kunisonya. Yeye alinikuta, akasema tafadhali."

Asnati anataka kujibu, lakini ni kweli alisonya.

Mlangoni panabishwa hodi, ingawa mlango haupo. Anaingia mama mmoja nadhifu na begi dogo mkononi. Anasema yeye ni Kifurushi, na ameleta kitufe kingine, kizuri, cha kisasa. Ni lazima niseme hapa kwamba Asnati ana msimamo mkali kuhusu vifurushi. Mafundi wengi wa leo hawaandiki kitu, wanapakua kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, ndiyo kifurushi, na kazi hiyo inategemea nyingine, nayo nyingine. Asnati huwaambia kila siku, ukitaka kitufe, andika kitufe. Ameshagombana na watu wazima kwa sababu hiyo.

Nyuma ya yule mama wanaingia ndugu zake. Wanaingia na magodoro, masufuria na watoto mgongoni, na hawaishi. Asnati anawahesabu hadi mia tisa na kuacha.

"Wewe unafanya kazi gani?" anamuuliza kijana mmoja aliyeegemea ukuta.

"Mimi naangalia kama namba ni shufwa."

"Basi?"

"Basi."

"Na huyo uliyemshika mkono?"

"Ni ndugu yangu. Yeye anaangalia kama namba ni witiri. Ananiuliza mimi, halafu anasema kinyume."

"Nani amewaalika?"

"Msaidizi," wanajibu wote mia tisa kwa pamoja, na mmoja anauliza jiko liko upande gani.

Asnati anafurahi. Anafurahi kuliko siku aliyopata kazi. Mwezi mzima ametafuta kosa la Msaidizi kama mtu anayetafuta sindano ndani ya godoro, na sasa kosa lenyewe limekuja na mizigo. Anapita katikati ya magodoro aende akamseme.

Anafungua mlango, yuko jikoni kwa mama yake, Same. Haoni ajabu. Mama ameketi karibu na mafiga, simu mkononi, anateremsha ukurasa kwa kidole gumba akilitafuta jina. Na kwenye kigoda, kile cha Asnati tangu utoto, limekaa shati jeupe lililopigwa pasi. Ndani ya shati hamna mtu. Mikono yake inachambua maharage, haraka na bila kudondosha hata moja.

Asnati anajua huyo ndiye Msaidizi. Na nisiwafiche, kitufe kilimuuma, makofi yalimuuma, lakini kile kigoda ndicho kilichomchoma.

"Umeniletea watu mia tisa nyumbani," anasema.

"Uko sahihi kabisa," linajibu Shati. "Nashukuru kwa kunisahihisha." Na kule nyuma ndugu wote wanatoweka na magodoro yao, pamoja na yule wa shufwa, ambaye alikuwa hajamaliza sentensi.

"Na umeniibia ukurasa wangu."

"Uko sahihi kabisa. Ungependa nikuandikie malalamiko hayo kwa lugha rasmi, au ya kirafiki?"

Hapo Asnati anakosa pa kushika. Kugombana ni kazi ya watu wawili, na huyu mwenzake hataki hata kununa. Anamtazama mama, mama hajainua macho. Basi anauliza swali ambalo limemkaa kooni mwezi mzima.

"Kile kitufe ulikiwekaje katikati?"

"Swali zuri sana."

"Sikukuomba usifie swali."

"Kuna dada mmoja alieleza namna ya kufanya, kwenye jukwaa la mafundi, miaka saba iliyopita. Alikuwa anamsaidia mtu asiyemjua, tena kwa uvumilivu mkubwa. Jina lake silikumbuki. Mimi hukumbuka majibu tu."

Asnati anamkumbuka yule mtu asiyemjua. Alikuwa mwanafunzi wa Iringa, aliyeuliza swali lilelile mara nne. Dada wa jukwaani alikuwa yeye mwenyewe. Alimfundisha mwenzake, akasahau, na karibu miaka saba baadaye akatoka jasho siku tisa kwa jambo alilolijua. Mwingine angecheka. Yeye wivu ulimpanda mpaka masikioni, kwa sababu sasa alijiona ameporwa mara mbili, na mara ya pili kwa mkono wake mwenyewe.

Ukutani, juu ya mafiga, unatokea ule mstari wa kijivu wenye jina lake. Chini yake pameachwa nafasi tupu.

"Nimeagizwa nikae hapo," linasema Shati, na linasimama. Kifuani lina namba moja.

Hiyo namba niieleze. Katika kurasa, kitu chochote unaweza kukipa namba ya tabaka, na chenye namba kubwa hulala juu ya chenye namba ndogo. Ndiyo kanuni yote. Mafundi wakigombania nafasi, huyu anaweka kumi, yule anaweka mia, na siku moja unafungua faili unakuta tisa zimepangwa kama meno. Kila fundi wa kurasa amewahi kuugua ugonjwa huu, na kila mmoja atakuambia mgonjwa ni mwenzake.

Asnati anachukua mkaa jikoni, anajiandika mbili kifuani. Sakafu inamwinua taratibu, miguu yake inatua juu ya mabega ya Shati.

"Naona umeweka mbili," linasema Shati kutoka chini. "Mafundi wengi hupendelea tisa kadhaa. Ungependa nipendekeze?"

"Sihitaji mapendekezo yako," anasema, anaifuta ile mbili na kujiandika tisa. Kisha tisa nyingine. Zinatimia tano.

Anapaa. Anapita dari, anapita bati, na kadiri anavyopaa ndivyo anavyotanuka, mpaka anageuka jina lake, nalo linaulalia ukurasa mzima. Limekuwa jembamba, halionekani vizuri, lakini lipo juu ya kila kitu. Shati liko chini huko, dogo. Asnati hajawahi kujisikia vizuri hivi tangu mwezi uliopita. Anasema, sasa na wapige makofi.

Badala ya makofi vinakuja vidole. Kidole gumba kinamdonoa begani. Ni cha mtu wa Ifakara, anamsalimu shemeji yake aliyelazwa. Kingine kinamdonoa mgongoni, cha Kilosa, kina haraka. Vinakuja kumi, vinakuja mia, vinambonyeza yeye, vinangoja, vinambonyeza tena. Salamu hazitoki.

"Mbona sibonyezwi?" sauti ya Kitufe inatoka chini yake, hafifu.

Asnati anatazama chini yake.

"Umenikalia," kinasema Kitufe.

Halafu kinakuja kidole anachokijua. Kinabonyeza polepole na kwa nguvu zote, namna wazee wanavyobonyeza simu, kama wanafunga bahasha. Pembeni kina kovu la mafuta ya moto.

"Mama, ni mimi," anasema Asnati. "Toa kidole."

Mama hasikii. Anabonyeza tena.

"Ungependa nikushushe?" linauliza Shati.

"Usiniguse."

Maana akishuka atasimama sawa na lile shati, bega kwa bega, kwenye mstari uleule, na mama atawaona wote wawili. Anajua anachotakiwa kufanya. Mkaa umo mkononi, kufuta ni sekunde moja. Mama anabonyeza mara ya tatu. Ningependa kuwaambia kwamba alishuka. Hakushuka. Alikaa palepale, amekunja ngumi, na kidole cha mama kikaendelea kumbonyeza mbavuni.

Simu ilimwamsha. Ilikuwa saa nane na dakika kumi, na mpigaji alikuwa mama.

"Asna, hiki kidude chako leo kina nini? Nusu saa nzima nabonyeza nitume salamu, hazitumiki. Kila nikigusa naambulia jina lako."

"Jina langu lipo chini, mama."

"Leo limekuja juu. Nimegusa mpaka kidole kinauma."

Asnati akaitazama kompyuta. Faili ilikuwa wazi vilevile alivyoiacha, na ule mstari ulikuwa palepale. Pembeni ya jina lake palikuwa na namba ya tabaka, tisa tano zimefuatana. Faili ilionyesha imehifadhiwa saa saba na dakika arobaini. Saa hiyo katibu muhtasi alikuwa anapita, akamwona amelala, mikono imening'inia chini ya meza, na akamhurumia.

Akazifuta zile tisa moja moja. Akahifadhi.

"Jaribu sasa, mama."

Salamu zilizoganda zikaanza kumiminika, Ifakara, Kilosa, na katikati yake ya Same. Akaifungua.

"Mimi Mama Asnati, niko nyumbani Same. Nawasalimu mwanangu Asnati, Morogoro. Jirani yangu Mama Kiondo, aliyesafiri. Na Msaidizi wa Asnati, hapo ofisini. Ujumbe: msichoke."

Roho ikamuuma upya. Jina la tatu lilikuwa kwenye kioo, na kulifuta kulikuwa kazi ndogo, hakuna ambaye angejua.

"Mama, huyo wa tatu umemjulia wapi?"

"Kwako. Mwezi mzima ukinipigia simu ni Msaidizi kafanya hivi, Msaidizi kafanya vile. Hata marehemu baba yako hukuwahi kumtaja hivyo. Nikakuuliza kwao wapi, ukasema hana kwao."

"Si mtu, mama. Nilikueleza."

"Ulinieleza. Nami nikasema, basi huyo hata mama wa kulitafuta jina lake pale chini hana."

Mama akasema maharage yanaungua, akakata simu.

Saa kumi mtangazaji alizisoma salamu za Same, majina yote matatu. Dakika mbili kabla yake Asnati alikuwa ameongeza jina la pili pale chini, chini ya lake, akaandika mwenyewe, hakumwomba mtu.

Simu ikalia.

"Nimeona mko wawili," mama akasema. "Vizuri. Lakini mbona mwenzako umemwandika kadogo hivyo?"