Mwandiko wa Ukuta

Edith Birkett alikata karibu kila kitu kwenye picha aliyoipiga. Alikata mlima, maana wapanda milima wa kule huutambua mlima kwa mgongo wake tu. Akakata ziwa, akakata na mti mmoja uliopinda. Akabaki na kozi jike, ndege mwindaji, ametua juu ya ukuta wa mawe, kucha za njano, jicho halimuogopi mtu. Mawe ni mawe, alijiambia. Kuta za namna ile zimejaa nchi nzima, zote za kijivu, nani atajua?

Kozi yule alikuwa amana. Mzee Joss Tyson, mfugaji wa kondoo, alikificha kiota chake miaka tisa, kwenye jabali la nyuma ya shamba. Wezi wa mayai wapo, watu wazima na akili zao, wanaoiba mayai ya ndege adimu wasiyale wala wasiyauze, bali wayafungie kabatini wayatazame peke yao. Ugonjwa huo mimi sijapata kuuelewa. Joss alimwonyesha Edith kiota kwa sababu Edith alikuwa tarishi, alimletea barua miaka thelathini na hakuwahi kuchungulia hata kadi moja.

"Piga picha zako," alimwambia. "Ila mahali pasijulikane. Pakijulikana, usinisalimie tena."

Picha ikatundikwa kwenye ukumbi wa kijiji wakati wa Pasaka. Watu wakaisifu kwa desturi ya kule, yaani walisema si mbaya. Siku nane baadaye Edith alipanda na darubini yake akamwona kozi amesimama kando ya kiota, halalii kitu. Kiota kilikuwa kitupu. Edith aliketi kwenye majani yaliyolowa akalia, kwa kuwa alijua ameivunja amana kwa mkono wake.

Angeweza kunyamaza. Wezi hawakosekani, na mzee asingejua. Lakini utakunywaje chai ya mtu huku umemficha jambo kama hilo? Akashuka hadi bandani, akamkuta Joss amepiga magoti nyuma ya kondoo anayezaa, mikono imejaa damu.

"Mbona uso umekukunjamana? Nani kafa?"

"Mayai yameibwa, mzee. Nadhani ni picha yangu."

Joss alimfuta mwanakondoo pua kwa majani makavu, akamsogeza kwa mama yake. "Si ulisema umekata kila kitu?"

"Nilikata. Ulibaki ukuta tu."

"Nionyeshe. Hawa kondoo hawakuniacha nifike ukumbini."

Akanawa mikono, akavaa miwani, akaishika simu ya Edith. Joss hakumtazama kozi kabisa. Aliutazama ukuta.

"Edith. Ulipokuwa na mfuko wa barua, si ulijua barua imetoka kwa nani kabla hujaigeuza?"

"Kwa mwandiko, ndiyo."

"Basi na ukuta una mwandiko. Tazama mawe ya juu yalivyolalia kushoto. Na hili jeupe, limewekwa hapa bila haja yoyote."

"Kwa hiyo mjenzi yeyote wa kuta angejua ni wapi."

"Wajenzi waliobaki bonde hili ni wawili," Joss alisema, akavua miwani. "Mmoja unaongea naye."

Wa pili alikuwa Lanty, mdogo wake wa tumbo moja, anayeishi ng'ambo ya kijito. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukuta ule waliujenga pamoja kiangazi alichokufa mama yao, na jiwe jeupe Lanty aliliokota mtoni akaliweka kumkumbuka mama. Utotoni walikusanya mayai pamoja vilevile.

"Mimi niliacha," Joss alisema. "Nilidhani na yeye ameacha."

"Nisamehe, mzee."

"Nishikie huyu. Ana mwingine tumboni."

Akachukua fimbo akaondoka. Edith alibaki na kondoo yule, akamtoa pacha wa pili kwa mikono yake, akangoja. Ilipita saa nzima. Joss alirudi na sanduku dogo la mbao kwapani, na alionekana amezeeka kuliko alivyotoka.

"Hakubisha," alisema. "Alilia. Anasema alipoliona jiwe lake pale ukumbini alipata usingizi wa shida siku tatu, ya nne akapanda."

Ndani ya sanduku, kwenye pamba, yalilala mayai matatu ya rangi ya kutu. Kila moja lilitobolewa tundu dogo ubavuni, na vilivyokuwa ndani vimepulizwa nje vyote. Edith aliinua moja. Halikuwa na uzito wowote, na hapo ndipo moyo ulipomuuma kweli.

Wakapanda hadi ukutani. Kozi alizunguka juu yao akilia. Joss akaliweka sanduku juu ya ukuta, kando ya jiwe jeupe, akalifungua.

"Toa kamera."

"Mzee, hii siwezi kuitundika ukumbini."

"Si ya ukumbini. Ni ya Lanty. Nimelitoa nje kabati lake la mayai, ukuta wa chumba umebaki wazi. Ataitundika hapo, na mimi nitakwenda kila Jumapili kuona kama bado ipo."

Edith akainua kamera. Akaitafuta picha. Ndani ya kioo kulikuwa na sanduku, jiwe, mlima, ziwa, na mti uliopinda. Kwa mazoea akaanza kusogea ili aviache nje.

"Hapana," Joss alisema. "Safari hii usikate kitu."