Kila Tundu na Tone Lake

Mashine ilitangulia kulia, kukosea kukafuata. Kwa majuma mengi ilikuwa ikitoa sauti nyembamba, kama ya panya aliyebanwa na mlango, kila meza yake iliporudi nyuma. Mchongaji alijifanya hasikii. Ukweli ni kwamba aliogopa kuifungua. Ilimfika mkononi ikiwa imefungwa, na tangu siku hiyo hakuwahi kuliona tumbo lake. Alipangusa vumbi la juu, akaiwekea mbao, akaishukuru. Kinacholia si bado kina uhai? Ndivyo alivyojifariji.

Haikuwa mashine kubwa. Ilikaa katika chumba cha uani, upana wake kama kitanda cha mtoto: reli mbili za chuma, meza inayoteleza juu ya reli hizo mbele na nyuma, na juu ya meza kichwa chenye mota inayozungusha kisu chembamba. Ukiipa mchoro, kisu huzunguka, meza hutembea, na ua huchipuka kwenye ubao mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mchongaji alikuwa amelitazama jambo hilo mara nyingi na bado halijamchosha.

Kazi iliyokuwa mkononi ni kabati la milango miwili. Mlango wa kushoto ulikwisha zamani, mzabibu ukipanda kutoka chini hadi ukingoni, na ncha yake imeachwa pale kama mkono uliotolewa ili ushikwe. Mlango wa kulia ndio uliotakiwa kuushika. Lakini mzabibu wa kulia ulipofika katikati ya ubao uliruka pembeni, kama mtu aliyeona nyoka, kisha ukaendelea na safari yake bila aibu. Ubao wa pili ukafanya vilevile.

Hapo ndipo mumewe na shemeji yake walipokaa kikao. Mumewe alikuwa muuguzi, mtu wa kupima maneno kama dawa. Shemeji alikuwa na banda la kuchomelea vyuma nje ya mji, na hakupima chochote. Walikubaliana kwamba mashine ihamie bandani. Mama yao, aliyelala chumba cha pili, nyuma ya ukuta, alikuwa amesema kwa kinywa chake kwamba mashine ile inamnyima usingizi. Kesi ikaisha. Mchongaji angekwenda kuifanyia kazi huko huko bandani, akipata nafasi. Aliyajua maneno hayo, "akipata nafasi." Nafasi ya mwenye nyumba ya kulea na kupika ni kama kivuli cha saa sita mchana: kipo, ila chini ya nyayo zako mwenyewe.

Alibishana hadi mumewe akalegeza kamba kidogo. Shemeji angekuja na pikapu Jumamosi. Mashine ikiweza kuchonga mlango wa kulia sawasawa, watazungumza upya. Ikishindwa, iende.

Jumamosi asubuhi, mumewe alipotoka kwenda zamu, mchongaji alichomoa waya ukutani, akapanga bisibisi, zile spana za pembe sita zilizopinda kama goti, mswaki wa zamani, kopo la mafuta ya taa na matambara. Akasimama kuitazama mashine. Alikuwa hajagusa hata skrubu moja mlango ulipojazwa na mama mkwe wake, kigoda mkono huu, kazi ya kushona mkono ule.

Mama mkwe huyu alikuwa fundi cherehani hadi macho yalipomwambia basi. Mtaa mzima ulimwita Bibi Sindano, kwa mkono wake na kwa ulimi wake. Alikaa kizingitini bila kukaribishwa.

"Leo unaipasua?"

"Naipasua, Mama."

"Umewahi?"

"Sijawahi."

"Basi mimi nimewahi kiti cha mbele," akasema, akavuta kigoda karibu zaidi.

Mchongaji alianza na kifuniko cha vumbi, kisha akakilegeza kichwa na kukitoa, kizito kuliko alivyodhani. Skrubu alizitandaza juu ya gazeti. Bibi Sindano alizitazama zinavyobingirika, akashindwa kuvumilia. Alikwenda chumbani kwake akarudi na kipande cha sponji kutoka mto uliochoka. Nguo ikifumuliwa, alieleza, pini haitupwi chunguni kama njugu. Hukaa kwa mpangilio wa mahali ilipotoka. Akaanza kuzichomeka skrubu katika sponji, za kushoto kushoto, za mbele mbele, hadi mashine nzima ikawa na picha yake mapajani mwa bibi.

Meza ilipotoka juu ya reli, wote wawili waliinama kwa pamoja nusura wagongane vichwa.

Mchongaji alitarajia vumbi. Alichokiona hakikuwa vumbi. Chini ya meza, kando ya reli na kulizunguka parafujo refu linaloisukuma meza, palikuwa na kandiko jeusi, laini, limeshikamana kama udongo wa kufinyangia. Mifereji ya parafujo ilikuwa imezibwa hadi haionekani. Aliligusa kandiko kwa kijiti, kijiti kikasimama chenyewe.

Basi mzabibu ulirukia hapa. Parafujo lilipozunguka, meza ilinasa katika tope hili, ikakosa hatua, na mashine haina macho ya kujua. Inaendelea kuhesabu, kama mtu anayehesabu mwendo huku anakanyaga palepale. Mchongaji alifurahi kuliko inavyomfaa mtu mwenye mashine mbovu. Kujua tu kulimtosha kwa dakika ile.

Lakini furaha hiyo ilizaa swali. Unga wa mbao peke yake haugeuki tope. Unataka mafuta. Na yeye hakuwahi kutia mafuta kwenye reli zile hata tone, kwa kuwa aliyemuuzia alimwonya kwamba reli za mashine ya kuchonga mbao hupanguswa na kuachwa kavu. Grisi aliyokuwa nayo ilikuwa ya manjano, nzito, na mkebe wake haujafunguliwa. Haya yaliyokuwa kwenye vidole vyake yalikuwa mepesi, maangavu, hayana harufu.

Nani? Mumewe hakujua mashine inatazama wapi. Panya habebi kopo.

Akachukua tochi, akaanza kuifuata njia ya mafuta kama mtu anayefuata mchwa. Ndipo alipoona jambo la ajabu. Mafuta hayakumwagwa ovyo. Yalikuwa ndani ya matundu. Kila tundu lililokuwa kwenye mashine ile lilikuwa na tone lake: tundu la kupitishia waya, matundu ya akiba yasiyo na skrubu, hata kitundu kilichobaki pale taa ilipong'olewa. Na kando ya tundu pakavu kabisa, hapana hata tone lililopotea njia. Aliyefanya hivi hakuwa mharibifu. Alikuwa na mkono uliotulia na adabu ya kazi, na aliamini kwa moyo wote kwamba tundu katika mashine limewekwa kwa ajili ya mafuta.

Ni mashine gani hiyo, ambayo kila tundu lake ni la mafuta?

Katika kandiko palikuwa na kiuzi cha buluu, kifupi kama kope. Mchongaji hakuinua uso haraka. Alipouinua, aliutazama upindo wa nguo ambao Bibi Sindano alikuwa ameuweka kando ya kigoda ili ashike sponji. Uzi ulikuwa wa buluu.

Sasa hapo pana mtihani. Mama mkwe haambiwi kwamba ameharibu. Mama mkwe huulizwa swali, kisha jibu huachwa limtembelee lenyewe.

"Mama," akasema huku akisugua parafujo kwa mswaki, "kwenye cherehani, mafuta hutiwa wapi?"

Bibi Sindano akapata uhai. Kwenye matundu, mwanangu, kwenye matundu yote. Cherehani ni kiumbe chenye heshima, kimekuonyesha chenyewe kinywa chake kilipo. Tone moja kila tundu, ukizidisha utachafua nguo, ukipunguza itakulilia. Ni mvivu tu anayepita tundu bila kulipa haki yake.

Mchongaji alichukua kile kipande cha chuma chenye matundu ya akiba, akakifuta, akampa. Bibi alikiweka jichoni, akakielekeza chini.

"Naiona sakafu," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Bibi alikigeuza, akatazama kwa tundu la pili, la tatu. Kote sakafu.

"Kumbe nimekuwa nikiilisha sakafu," akasema polepole, kisha kicheko kikamtoka tumboni hadi skrubu zikatikisika katika sponji. Mchongaji alijaribu kujizuia kwa heshima, heshima ikamshinda.

Walipopoa, bibi alisimulia. Kila mchongaji alipotoka kwenda sokoni, yeye aliingia na kichupa chake cha mafuta ya cherehani. Alikuwa amewaambia wanawe kwamba mashine inamnyima usingizi, na ni kweli ilimnyima. Ilikuwa inalia, na fundi hawezi kulala chumba cha pili na mashine inayolia njaa. Wanawe wakatikisa vichwa na kwenda zao. Basi akaamua kuilisha mwenyewe. Alishangaa tu kwamba kadiri alivyoilisha ndivyo ilivyozidi kulia.

Mkono wa mchongaji ukasimama na mswaki hewani. Kwa hiyo kikao kizima cha wanaume wale kilijengwa juu ya nusu ya maneno.

Lakini Bibi Sindano hakuwa na habari za kikao. Lililomkera ni kilio. Kama matundu hayakuwa vinywa, kinywa kiko wapi? Swali hilo likawakamata wote wawili. Parafujo lilikuwa safi sasa, linang'aa. Mchongaji alilizungusha kwa mkono, taratibu, na bibi akaweka sikio kwenye chuma, akalisogeza kidogo, akalisogeza tena, hadi nyuma kabisa, kwenye kifuniko kidogo cha mviringo kisicho na tundu lolote.

"Humu," akasema. "Mtoto yuko humu."

Mchongaji alikifungua. Ndani palikuwa na beringi, pete ya gololi inayobeba mwisho wa parafujo, nayo ilikuwa kavu kama mfupa, imetapika unga mwekundu wa kutu. Pembeni pake ndipo ilipokuwa imeandikwa, kwa herufi ndogo, kwamba hapa patiwe grisi. Maandishi yalikuwa ndani ya kifuniko ambacho yeye hakuthubutu kukifungua.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," alisema Bibi Sindano, akimtazama kwa jicho la pembeni.

"Na anayemlisha asipoulizia kinywa je, Mama?"

"Huyo mwache, ni mgeni wa watu."

Waliichovya beringi katika mafuta ya taa, wakaizungusha hadi uchafu ukaacha kutoka, wakaikausha. Mkebe wa grisi ukafunguliwa kwa mara ya kwanza. Mchongaji alipaka kwa kidole, kwenye beringi na kidogo kwenye mifereji ya parafujo, na bibi akachukua jukumu la kupangusa reli ziwe kavu; alizipangusa kwa ukali, kama anayejilipiza kisasi.

Honi ilipopigwa nje, mashine ilikuwa bado vipande vipande.

Shemeji aliingia na kamba begani, akaona vyuma vimetandazwa, akafurahi. Alisema mchongaji amefanya la maana, mzigo uliofunguliwa ni rahisi kubeba. Akainama kuchukua kichwa cha mashine. Mchongaji alifungua mdomo, lakini maneno yote aliyoyaandaa juma zima yalikuwa ya kujibu hoja, na mtu huyu hakuleta hoja, alileta kamba.

"Weka chini," alisema Bibi Sindano. Hakupaza sauti. Alikumbatia sponji yake. "Skrubu ninazo mimi. Bila hizi utabeba chuma chakavu."

"Mama, si ni kwa ajili yako? Ulisema hulali."

"Nilisema. Uliniuliza kwa nini?"

Shemeji alimtazama mchongaji, kana kwamba jibu lilikuwa limeandikwa kwake.

"Mimi nimewalaza wewe na ndugu yako chini ya meza ya cherehani," bibi akaendelea, "na nikalala kando yake miaka yangu yote. Mashine ikiimba, nalala. Ikilia, naamka. Na ikinyamaza, hapo ndipo roho huniruka. Mnataka kunipa kimya niwe nakesha nacho?"

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu vya kutosha kuthibitisha maneno yake. Mchongaji ndiye aliyekivunja. Alisema sharti ni lilelile: ubao mmoja. Ukienda kombo, atasaidia kufunga kamba kwa mikono yake. Shemeji akaketi juu ya gunia la maranda, na kwa kuwa mikono ya mchomelea vyuma haijui kukaa bure, punde si punde ndiye aliyekuwa akishikilia meza irudishwe juu ya reli, huku mama yake akimpa skrubu moja moja kutoka sponjini na kumsahihisha mara mbili. Kila skrubu ilirudi ilipotoka. Haikubaki hata moja.

Waya ukarudi ukutani. Mchongaji alifunga ubao, akabonyeza. Kisu kikazunguka, meza ikaenda mbele. Wote watatu walisubiri irudi. Ikarudi. Panya hakuwepo. Palikuwa na mvumo mzito, wa chini, kama nyuki walioridhika.

Bibi Sindano alisikiliza kidogo, akachukua kigoda chake na upindo wake, akaenda chumbani.

Wawili waliobaki waliinamia ubao. Jani lilifuata jani. Mzabibu ulipokaribia katikati ya ubao, mchongaji aligundua kwamba ameshika mkono wa shemeji yake bila kujua, akauachia. Mzabibu ulipita katikati kana kwamba hapajawahi kuwa na nyoka, ukapinda, ukashuka, ukafika ukingoni. Shemeji mwenyewe ndiye aliyeuleta mlango wa kushoto na kuusimamisha pembeni. Akapitisha kidole gumba pale milango inapokutana, kwenda na kurudi, akitafuta kosa kwa njia anayotafutia kosa kwenye chuma. Kidole hakikukwama popote.

Kupitia ukutani, mkoromo wa Bibi Sindano ulikuwa ukienda sambamba na mota.

Mashine ikamaliza jani la mwisho, ikarudisha kichwa chake mahali pake, ikatulia. Ukutani mkoromo ukakatika. Kitanda kikalia.

"Mbona imenyamaza?"

"Imemaliza, Mama."

"Basi ipe kazi nyingine."

Shemeji alitoa kamba begani, akaanza kuikunja.