Kepteni Garrow Anaamka Hajui Jina Lake

...anaamka hospitalini hajui hata jina lake, ndivyo Darlene alivyosema, akatabasamu kama mtu aliyeleta keki mezani, Darlene wa kampuni ya Kimarekani iliyonunua nusu ya haki za filamu za jasusi Garrow, na sasa meza nzima inamtazama Imogen, kwa sababu nusu ya pili ni yake, bila neno lake Garrow hainui hata kidole, baba yake ndivyo alivyoacha, wewe na kaka yako Crispin, alisema, mkubaliane wawili, mtu wa tatu msimsikilize... wawili, na kiti cha Crispin leo amekikalia mwanasheria, na mvua ya London inateleza kwenye kioo, "yaliyopita yote tunayafuta," Darlene anaendelea, "maadui, wake aliowazika, vitu vya miaka arobaini, vijana hawana habari navyo, tunapata Garrow mpya, mwepesi, hana mzigo," mwepesi, ee, mwepesi kweli, angekuja Jumapili kwenye nyumba ya wazee kule Surrey akamwona mwepesi, Crispin, aliyeziandika filamu za Garrow karibu zote, amefungwa kitambaa shingoni asijimwagie supu, anamuuliza Imogen, "Samahani mama, wewe ndiye wa chai?" naye akajibu, ni mimi Crispin, dada yako, akaona hofu inampanda usoni, hofu ya mtu anayejua kuna jibu na hana, ikabidi aseme haraka, ndiyo, chai inakuja, chai inakuja sasa hivi... "Bi Imogen, tuko naye au kashasinzia?" ni mwanasheria, watu wanacheka, "nipo, nakusikia," anasema, na anajua atakachosema, atasema hapana, wamwite jiwe, wamwite bibi kizee anayekalia mayai viza, hatawaruhusu wamfanyie Garrow jambo hilo halafu waliite mwanzo mpya, hapana, neno liko kwenye ulimi... ila ile televisheni, pale sebuleni kwa wazee, ilikuwa inaonyesha Garrow wa zamani, yuko juu ya treni, daraja linakaribia, na Crispin akapiga kelele, "Usiruke, we mpumbavu!" Crispin huyuhuyu aliyegombana na mwongozaji wiki nzima kwamba lazima aruke, akamgeukia Imogen, macho yanang'aa, "Unamjua huyu jamaa?" namjua, "Atapona?" na mwaka mzima Imogen alikuwa akimsahihisha, hapana Crispin, kumbuka Crispin, picha za mama, picha za mbwa, kumbuka basi, lakini siku ile alichoka, akasema sijui, tuangalie, naye akajisogeza kwenye kochi, akapigapiga pembeni yake, "Kaa hapa mama, huko huoni vizuri," na Garrow aliporuka akamshika mkono, akaubana, kama alivyoubana utotoni kwenye chumba cha giza ambamo baba aliwaonyesha filamu, mkono uleule, na mwenye mkono hamjui... alilia ndani ya gari hadi vioo vikaingia ukungu, akadhani analia kwa kuwa siku ile ndiyo amempoteza, kumbe alishampoteza zamani, siku ile kuna mtu alimpa nafasi akae, na yeye hakuona... "Basi tuambie, ndiyo au hapana?" Darlene si mtu mbaya, anauliza taratibu, kalamu ameiweka chini, na hakuna hata mmoja kwenye meza hii aliyeuliza nani yuko kando ya kitanda Garrow anapoamka, wanamjua wote, Maud, mkuu wake wa kazi tangu filamu ya kwanza, anayeyajua makovu yake yote na makaburi yote, anaingia na maua, naye Garrow anamtazama kama mpita njia... hiyo ndiyo filamu, Crispin angeiona mara moja, si ya Garrow, Garrow atacheka na kuruka kama kawaida, ni ya Maud, aliyebaki kukumbuka kwa niaba ya watu wawili, na asijaribu kumrudisha, hapo ndipo penye ugumu, asijaribu, amfahamu huyu aliyepo... mvua ni ileile, na jibu analo, si hapana tena, wala si ile ndiyo wanayoitaka, ila acha likae kidogo kinywani, kwa sababu akishalitoa atakuwa amekubali, mbele ya watu asiowajua vizuri, kwamba Crispin harudi, na hilo hajawahi kulisema kwa sauti, hata akiwa peke yake.