Nati Yangu Usiikaze

Gereji ile ilikuwa na sheria moja tu, nayo iliachwa na marehemu baba: nati iliyolegea haina mwenyewe, aliyeiona ndiye aikaze. Mtoto wa kiume, aliyerithi gereji, aliishika sheria hiyo mpaka watu wakamwita Kaza, na mwenyewe akaitika. Hakutembea bila spana namba kumi mfukoni. Alikaza geti la jirani. Alikaza kitanda cha hospitali alipokwenda kumjulia hali mgonjwa, mgonjwa akiwa juu yake. Hata msibani, wenzake wakifuta machozi, yeye alikuwa kainama chini ya viti vya kukodi, na mkewe akimvuta shati.

Mdogo wake wa kike, waliyemwita Sindano, aliishi na kushona viti vya magari katika kibanda kilichoegemea ukuta wa gereji hiyohiyo. Kiberiti lilikuwa lake. Lilikuwa gari la michezo la milango miwili, jekundu, limelala chini kiasi kwamba kuku akipita walitazamana machoni. Alilipata likiwa bodi tupu, akalijenga kwa mikono yake, kipande kwa kipande, kila alipomaliza kushona viti vya watu. Springi alizibadilisha mwenyewe. Bomba la moshi alilipanua mwenyewe, likanguruma hadi mtaa mzima ukawa unajua amerudi nyumbani. Viti alivishona kwa ngozi nyeusi na uzi mwekundu, mshono hata shetani asingepata pa kuupitishia kucha.

Kisha siku moja pikipiki ilimgonga akivuka barabara, na mguu wake wa kushoto ukaishia chini ya goti.

Alipotoka hospitali alianza na suruali zake. Alizikata na kuzishona upya zote, mguu mmoja mfupi, kwa sababu hakutaka kitambaa cha kukunjwa na kubanwa kwa pini kama mzigo uliofunguka njiani. Akachukua gongo lake la kutembelea, akaenda gereji kuliona Kiberiti. Akamkuta kaka yake amelifunika turubai.

"Uza hili gari, mdogo wangu," Kaza alisema. "Tutakutafutia la gia otomatiki, lililotulia. Au nitakuwa nakupeleka mimi popote."

"Popote unapotaka wewe?"

"Popote."

"Na saa unayotaka wewe."

Kaza alimpenda dada yake, hilo lisibishaniwe. Alimpenda kama alivyopenda kila kitu, yaani kwa kumkaza. Tangu ajali alimkatazia ngazi, alimkatazia mvua, alimkatazia hata kubeba cherehani yake, na kila katazo lilikuja na "kwa faida yako". Sindano alikuwa amefika mahali ambapo akilisikia neno "faida" nywele zinamsimama. Akalivuta turubai mpaka chini.

Kwa asiyejua magari, klachi ndiyo inayoachanisha injini na magurudumu ili dereva abadilishe gia, na ina pedali yake upande wa kushoto. Kazi hiyo ni ya mguu wa kushoto. Sindano aliitazama ile pedali siku nzima, kesho yake akaing'oa. Akaenda kwa muuza vyuma chakavu, akachambua lundo hadi akapata mkono wa klachi wa pikipiki, ule unaobanwa kwa vidole.

"Unautakia nini?" muuza vyuma aliuliza.

"Pikipiki ilichukua mguu. Basi itoe mkono."

Yule mtu hakujua acheke au aombe radhi, akampa na waya juu.

Aliufunga ule mkono kwenye fimbo ya gia, ili kiganja kilekile kinachobadilisha gia ndicho kibane klachi. Waya aliupitisha chini ya sakafu hadi kwenye injini. Mkono wa kwanza ulivunjika. Waya wa pili ulikatika ukamchana kidole, na siku hiyo alikaa chini kwenye oili akalia, kwa hasira zaidi kuliko uchungu. Kisha akaurefusha mkono kwa kipande cha bomba, akatafuta waya mnene, na klachi ikakubali. Pedali mbili zilizobaki akazisogeza karibu karibu, mguu wa kulia uweze kushika breki kwa vidole huku kisigino kikigusa mafuta.

Mwisho wa waya, chini ya boneti, palikuwa na nati ya kurekebishia. Hiyo Sindano aliilegeza makusudi, akauachia waya nafasi ndogo ya kupumua, akafunga uzi mwekundu pale nati ilipotakiwa kukomea. Mshonaji yeyote angemwelewa. Kifuniko cha kiti kikibana sana kinapendeza kikiwa kitupu, ila akikikalia mtu kinapasuka.

Mkaguzi wa magari alikuja, akakaa kando yake, akazungushwa, akalipitisha gari bila neno. Aliyebaki kupitisha ni Kaza, na huyo alikataa. Maneno yakawa marefu hadi yakafika kwa Mama, ambaye hakupenda kelele baada ya kula.

"Nataka jambo moja linalomaliza," Mama alisema. "Sema wewe, mkubwa."

"Kilima cha tangi la maji," Kaza alijibu. "Apande, asimame katikati, aondoke tena bila kurudi nyuma, afike juu. Akishindwa, ananipa ufunguo na gari nauza."

"Nikishinda?" Sindano aliuliza.

"Sitasema tena."

"Hilo nalo ningependa kuliona," alisema mke wa Kaza, akaendelea kukusanya vyombo.

Jumapili asubuhi Sindano alitoka kibandani akamkuta kaka yake ameshajaza magurudumu upepo, amefuta vioo, na ndiyo kwanza anafunga boneti. Moyo ukamlainika kidogo. Pamoja na ubishi wake wote, mtu huyu asingempeleka mdogo wake kilimani na vioo vichafu.

Mama alibebewa kiti chake, kiti cha gari kuukuu ambacho Sindano alikuwa amemshonea upya, akaketi pembeni ya barabara chini ya kilima. Mke wa Kaza alisimama nyuma yake na mwavuli. Kiberiti likanguruma. Gia ya kwanza ikaingia, gari likachomoka, na Sindano akajisikia mzima kama siku ile alipoliwasha kwa mara ya kwanza.

Nusu ya kilima ilipokaribia, mambo yakaharibika. Injini ilipiga kelele, kelele zikapanda, lakini gari lilizidi kupungua mwendo. Aliongeza mafuta, mlio ukaongezeka, mwendo haukuongezeka. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Kiberiti likasimama. Akalishika kwa breki.

Kaza alikuja akikimbia na jiwe kila mkono, akayaweka nyuma ya magurudumu. Kisha akafika dirishani. Hakuwa na furaha usoni, na hilo ndilo lililomuuma Sindano zaidi. Alikuwa na huruma.

"Basi, mdogo wangu. Umejitahidi." Akanyoosha kiganja. "Nipe ufunguo."

Sindano aliogopa. Tuseme kweli: kwa dakika hiyo aliwaamini wote waliomwambia akae chini. Alijiona akipelekwa na kurudishwa kama kifurushi mpaka uzeeni, akisubiri kando ya barabara mtu mwingine amalize shughuli zake. Mkono wake wa kulia ukazima injini, ukashika ufunguo. Ule wa kushoto ulikuwa bado kwenye klachi, na vidole, kwa mazoea tu, vikabana kidogo.

Hapakuwa na nafasi. Jana mkono huu wa klachi ulicheza kidogo kabla ya kuuvuta waya. Leo ulikuwa umekaza kama ngoma, kama vile mtu anaikanyaga klachi kidogo muda wote. Ndiyo maana injini ilizunguka na magurudumu hayapati kitu.

"Nipishe," alisema.

"Dada, tafadhali, usijitese..."

"Nipishe nifungue mlango, kaka."

Alishuka na gongo lake, akafungua boneti, akainama. Uzi mwekundu ulikuwa umepondwa chini ya nati.

"Nani ameigusa nati yangu?"

Kaza alikuwa na makosa mengi lakini uongo haukuwemo. "Mimi. Asubuhi. Ilikuwa imelegea."

"Ilikuwa imelegea!" Sauti ya Sindano ilishuka kilima mpaka kwenye mwavuli. "Ililegea kwa sababu niliilegeza mimi! Hukuuona uzi?"

"Nilidhani ni uchafu."

"Ukadhani ni uchafu. Wewe kila usichokiweka wewe ni uchafu au ni kosa. Ungeniuliza! Nilikuwa nimelala hapo hapo, ukuta mmoja!"

"Nati ikilegea unaikaza, ndivyo baba alivyo..."

"Baba alikuwa anaongelea nati zisizo na mwenyewe. Hii ina mwenyewe, na ndiye mimi. Mimi pia nina mwenyewe, kaka, na si wewe! Kila siku unanikaza. Usipande, usibebe, usitoke. Mimi ni mtu, nikikosa nafasi nakwama kama hivi unavyoliona gari lilivyokwama!"

 Kaza akafanya alichokijua: akatoa spana mfukoni, akainamia injini ili airekebishe.

Sindano akaweka gongo katikati. "Ilete hapa."

Spana ile Kaza hakuwahi kumwazima mtu, hata mkewe alipotaka kufunga bomba la jikoni. Aliitazama, akamtazama dada yake, akampa. Sindano akailegeza nati mpaka uzi mwekundu ukaonekana wote, akarudi kwenye kiti, akabana na kuachia mkono wa klachi, akaridhika. Akatia spana katika mfuko wake mwenyewe.

"Acha klachi ipoe kwanza," Kaza alisema kwa sauti ndogo.

"Najua."

Wakasubiri mpaka harufu ya kuungua ikaisha. Mwishowe Kaza akakohoa. "Ila tulipatana upande bila kukwama..."

"Mlipatana nini?" Mama aliita kutoka chini. Masikio ya Mama hayakuwa na uzee. "Si ulisema asimame katikati? Mbona kasimama! Toa mawe yako umpishe mtoto."

Mke wa Kaza alicheka mpaka mwavuli ukayumba. Sindano akakanyaga breki, Kaza akafunga boneti, akayatoa mawe.

Sindano akawasha. Vidole vya mguu vikaishika breki, kisigino kikagusa mafuta, vidole vya mkono vikaiachia klachi taratibu mpaka alipoisikia ikishika. Kiberiti halikurudi nyuma hata upana wa ukucha. Liliondoka likiunguruma, likapanda, likapita mahali ambapo malori hujuta, likafika kwenye tangi. Huko juu alipiga honi ndefu isiyo na adabu, kisha akageuza, akashuka, akalisimamisha mbele ya kiti cha Mama.

"Wifi!" mke wa Kaza alimpigia makofi. "Mimi wa kwanza kupanda!"

"Ngoja," Kaza alisema. Alikuwa amelizunguka gari, kainama akitazama ule mkono wa klachi kupitia dirishani, na macho yalikuwa ya fundi sasa, si ya mlinzi. "Nilisogeze kivulini kwanza. Jua hili litakuharibia ngozi ya viti."

Sindano alimpisha bila ubishi, jambo ambalo lingepaswa kumtia Kaza wasiwasi. Fundi mkuu akaketi, akawasha, akaingiza gia. Mguu wake wa kushoto ukaenda kuitafuta pedali ukakuta sakafu tupu. Kiberiti likaruka kama chura, likazima. Akawasha tena. Mguu ukaenda tena, wenyewe, ukapiga sakafu kishindo, gari likaruka, likazima. Mama alikuwa ameficha uso kwa kanga, mabega yakimtikisika.

"Mguu wa kushoto humu ndani hauna kazi, kaka," Sindano alisema mlangoni. "Wewe unao, ndiyo maana huwezi. Shuka. Kaa upande ule, ufunge mkanda."

Kaza akahamia upande ule. Akafunga mkanda.

Walikuwa wameshapita gereji, barabara imenyooka, Kaza aliposikia kitu kinagongagonga ndani ya dashibodi. Nati ilikuwa imelegea mahali fulani. Mkono wake ukaenda mfukoni, ukapapasa, ukatoka mtupu.

"Iko kwangu," Sindano alisema, akabadilisha gia.