Kanda Tupu za Seva Kongwe

Lori la vyuma chakavu lilishaegeshwa uani, na mkuu wa hospitali ya wazazi alitaka seva kongwe ipakiwe kabla ya adhuhuri. Seva mpya mbili zilikuwa zinafanya kazi, kila moja na mfumo wake, na kabati lilijaa kanda za akiba, nakala za kumbukumbu za miaka tisa. Kumbukumbu zote zimo, sasa wasiwasi wa nini?

Fundi wa kompyuta, mwanamke ambaye wenzake walimbandika jina la Nyaya, alikuwa akipanga ratiba: seva ipi inakiliwe kwenye kanda siku ipi. Kazi nyepesi. Lakini Nyaya alikuwa mdadisi kama kuku jaani.

"Ngoja nionje moja," alisema, akaichomeka kanda kwenye seva mpya.

Kioo kikajibu: kanda hii ni tupu, niifute na kuiandaa upya?

Mama Redio, mtunza kumbukumbu ambaye habari zote za jengo zililala kwake, akasogeza kiti. "Tupu vipi, mwanangu? Kila Ijumaa nabadilisha kwa mkono wangu huu."

"Ulishawahi kuona mtu akizisoma, mama?"

"Niliambiwa niweke. Nani aliniambia nifungue?"

Nyaya hakugusa kitufe. Akajaribu seva mpya ya pili. Tupu. Akairudisha kwenye kongwe. Ikakoroma, ikamwaga majina ya watoto, uzito, saa za kuzaliwa. Kumbe kanda ilimjua mama yake tu.

Mlango ulishajaa watu: wauguzi, mpishi, mkuu mwenyewe, hata dereva wa lori.

"Mkuu, seva hii ikipakiwa, watoto wote wa miaka tisa wanaondoka nayo," Nyaya alisema.

"Na ikijifia hapa hapa?"

"Ndicho kinachoninyima raha tangu dakika tano zilizopita."

Nyaya akaiamuru kongwe itoe orodha ya mwezi mmoja kwa maandishi ya kawaida, yasiyobagua mashine. Akaipitisha kwenye seva mpya ya kwanza, akaiandika kwenye kanda, akaifungua kanda hiyo kwenye ya pili. Majina yakatokea.

Mama Redio akavaa miwani. "Huyu si yule ambaye baba yake..."

"Mama, hizo siri za wagonjwa."

"Nimesema nini sasa?"

Mkuu akajikuna kidevu. "Zilizobaki zitachukua muda gani?"

"Wiki mbili, ikikubali kuishi."

Mkuu akamgeukia dereva. "Ndugu yangu, leo beba vitanda vibovu tu."

Nyaya akaichana ratiba, akaanza nyingine. Mstari wa kwanza aliandika: kila kanda, nani ataisoma?