Kumsubiri Komare Agnese

Kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia nyumbani kilikuwa paka. Alikuwa amelala ndani ya meko, juu ya majivu, amejikunja pale pale sufuria inapokaa. Majira ya baridi paka wetu hathubutu kulala hapo. Nikajua moto haujawashwa tangu kaka yangu akate roho, na nikajua pia kwamba hakuna mtu aliyeleta chakula.

Canio alikuwa amezikwa jana yake. Mimi nilichelewa. Basi la bondeni lilikwama kwenye theluji, na kabla ya hapo mke wa mfamasia, ninayemfanyia kazi za ndani, hakuniachia mpaka nilipomaliza kupiga pasi. Nilipanda mlima kwa miguu. Nilipopita lango la Castelmuto sikukutana na mtu. Vichochoro vilikuwa kimya, ila nilisikia milango ikifunguka kidogo nyuma yangu nikishapita.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti akiutazama mlango. Ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa, kama inavyopasa nyumba ya msiba, ili anayeleta chakula asibishe hodi. Theluji ilikuwa inapenya na imechora mstari mweupe sakafuni.

"Mama," nilisema.

"Urudishe huo mlango kama ulivyoukuta, Loreta. Usiufunge."

Hivyo ndivyo tulivyosalimiana.

Kwetu, nyumba iliyofiwa haiwashi moto. Wenye msiba hawapiki, hawagusi hata mkate wao wenyewe. Maiti akishatoka, majirani ndio wanaowalisha, leo nyumba hii, kesho ile, mpaka wiki iishe. Lakini sahani ya kwanza ni ya komare, yaani mwanamke aliyemshika marehemu siku ya ubatizo. Hakuna anayeweza kumtangulia. Kumtangulia komare ni kumtukana mbele ya mji mzima. Komare wa mama alikuwa Agnese, mjane anayekaa chini ya mnara. Yeye alimshika Canio wetu ubatizoni, na mama alimshika Prospero, mwana wa Agnese. Zamani hawa wawili walikuwa wakifua nguo kwenye beseni moja na kugombana kwa furaha juu ya sabuni.

Na Agnese hakuwa amekuja.

Nilikuwa na mkate kwenye mfuko, na kipande cha jibini. Niliviweka magotini mwa mama.

"Huu si mkate wa nyumba hii, Mama. Nimeutoa bondeni."

Aliutazama, akaurudisha mkononi mwangu.

"Na wewe ni wa nyumba gani?"

Nikaufunga tena kwenye kitambaa. Niliona midomo yake imekauka, rangi yake kama nta ya mshumaa. Vuli nzima Canio alikuwa akikohoa makaa ya mawe aliyoyaleta kifuani kutoka migodi ya Ubelgiji, na mama alikuwa akimlisha yeye na kujisahau. Moyo wake ulikuwa mbovu hata kabla ya hapo. Nilijua kwamba asipokula upesi nitamzika yeye pia.

Asubuhi nilikwenda kuchota maji. Lucrezia, jirani wa mlango wa pili, alikuwa kisimani na Nunziella, mke wa fundi viatu.

"Huyo hapo binti wa Carmosina. Njoo mwanangu, chota wewe kwanza. Mama yako amekula?"

Nilitikisa kichwa.

"Jamani! Na maharage yangu yako tayari tangu mazishi," Lucrezia alisema. "Nayapasha moto asubuhi, nayapasha jioni. Mume wangu anauliza haya ya nani, namwambia ya marehemu, ukiyagusa utakufa wewe."

"Si uyapeleke basi!"

"Mimi? Nimtangulie komare? Peleka wewe mwenye miguu myepesi, uliyefika kwenye harusi ya binamu yako kabla ya bibi harusi."

"Nilikuwa na njaa!"

Wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba nimesimama pale, wakajiziba midomo kwa shela.

"Agnese hatakuja," Nunziella alisema kwa sauti ya chini. "Ana lake moyoni. Na mimi simlaumu."

"Carmosina akifa je?"

"Akifa tutapika."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema theluji ikiacha tutaanika nguo.

Padre Saverio alipita mchana. Alimwambia mama kwamba Mungu hajakataza supu. Mama alimjibu bila kugeuza uso, "Wewe padre unapikiwa na dada yako, iwe msiba iwe sikukuu. Huwezi kujua." Padre akavaa kofia yake akaondoka. Mama alitaka kuinuka amsindikize, miguu ikamkatalia. Alikaa tena taratibu, akajifanya hakutaka kuinuka.

Hapo ndipo niliposhika njia ya mnarani.

Sipendi kusema na watu. Nilipokuwa mdogo mama akinituma chumvi kwa jirani nilirudi mikono mitupu, kwa sababu nilifika mlangoni na mdomo haukufunguka. Nilitolewa shule darasa la tatu nikachunge mbuzi, na sikusikitika. Mbuzi hawamwambii mtu asimame asome kwa sauti. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na nilipofika yote yalikuwa yamenitoka.

Agnese alikuwa anamenya viazi. Mezani kulikuwa na sahani mbili.

"Simama hapo hapo," alisema. "Usiniletee theluji ndani. Mama yako amekutuma?"

"Hapana, shangazi."

"Basi leo ulimi umeuokota wapi? Wewe niliyekuwa nikikupa peremende ukijificha chini ya meza."

"Hajala," nilisema.

"Na mimi sikula." Aliendelea kumenya, maganda marefu yakining'inia. "Habari zilipokuja kutoka Ubelgiji kwamba mgodi umemwangukia Prospero na wenzake, kwamba hawawezi kuwatoa, nilizima moto. Nikarudisha mlango. Nikajiambia, Carmosina atakuja, si ndiye aliyemshika mwanangu ubatizoni? Nikakaa hapo ulipo wewe. Theluji iliingia mpaka chini ya kitanda. Nani alikuja? Hakuna. Wote walikuwa wanamsubiri yeye. Mwishowe niliwasha moto mwenyewe, unasikia? Nilijipikia msiba wa mwanangu kwa mikono yangu, kama mtu asiye na mji. Na aliyemchukua Prospero nani? Si Canio wenu? 'Twende, kule wanalipa vizuri.' Canio amerudi kufia kitandani, mama yake amemfumba macho. Mimi nimemfumba nani?"

Alitia kiazi ndani ya maji, akachukua kingine.

"Nenda kamwulize mama yako kwa nini hakuja. Akinipa sababu, nitakuja. Asiponipa, sahani yangu ataikuta mbinguni."

Nilirudi mbio, nikateleza kwenye ngazi za kanisa, nikainuka. Mama alikuwa vile vile. Nilipiga magoti mbele yake ili anitazame mimi, si mlango.

"Mama, kwa nini hukumpelekea Agnese chakula siku zile?"

Alishusha macho kwangu.

"Kulikuwa na jeneza?" aliniuliza. "Kengele ililia? Hapakuwa na maiti, Loreta. Walisema hawajawatoa. Agnese alikuwa anakwenda langoni kila siku kutazama basi linapopinda kule chini. Sasa mimi niingie na supu ya msiba? Ningeingia na bakuli lile ningekuwa mimi ndiye niliyemwambia mwanao amekufa. Mimi, niliyemshika ubatizoni." Alipumzika kuvuta pumzi. "Nilipika. Kuku mzima. Nikafika nalo bakuli mpaka kona ya mnara. Nikamwona dirishani anaandaa meza, sahani mbili. Nikageuka."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Mambo hayo hayaambiwi mtu. Komare akikujua, anajua."

"Hajui, Mama. Ngoja nikamwambie."

"Ukimwambia nitakuwa nimeomba."

"Mama, utakufa."

"Nikifa nitakuwa sijaomba."

Nilisimama nikatoka. Aliniita kwa jina mara moja, sauti haikufika mbali, nami sikugeuka. Mama aliyemzika mwanawe haruhusiwi kuvuka kizingiti mpaka wiki iishe, kwa hiyo hakuweza kunifuata hata kama miguu ingekubali.

Safari hii Agnese hakuniambia nisimame mlangoni. Alikuwa amekaa, viazi vimo ndani ya maji, kisu mezani. Nadhani alikuwa ananingoja. Nilisema yote nikiangalia viazi. Nilisema juu ya basi, na bakuli, na kona ya mnara, na dirisha. Nilipofika kwenye sahani mbili nilimalizia kwa kunyoosha kidole.

Agnese alitazama ile sahani ya pili kana kwamba kuna mtu ameiweka hapo sasa hivi. Akaichukua. Ilikuwa safi, lakini aliifuta kwa aproni, mbele na nyuma, akafungua kasha la shuka akaitia chini kabisa, akafunga.

"Basi amekufa," alisema.

Akageuka akanitazama.

"Kuku mzima?"

"Kuku mzima, shangazi."

"Mjinga," alisema. "Mjinga yule. Komare mjinga."

Akachukua kisu akatoka nyuma kwenye banda.

Nilitaka kumwambia viazi vinatosha, au maji ya moto na mkate, chochote ninachoweza kukimbia nacho. Lakini sahani ya komare ni supu ya kuku, na Agnese alikuwa amengoja mno kuipika hata ailete nusu. Kuku aliyebaki kwake alikuwa mzee, hatagi tena. Alinyonyolewa, akachomwa manyoya, akawekwa motoni na kitunguu na majani ya figili, na maji yakachemka, yakachemka, na nyama haikulainika. Nilikuwa nachochea kuni. Kila nikiinuka Agnese alisema, "Bado. Unataka aseme nimemletea maji ya kuoshea vyombo?" Akatoa bakuli la harusi yake lenye mfuniko. Akatafuta kitambaa cheupe. Akakuta kina mkunjo, akakirudisha, akatafuta kingine. Nje mchana ulikuwa unaisha.

Tulipotoka, yeye mbele na bakuli, mimi nyuma, milango ya vichochoroni ilifunguka yote. Mmoja alipiga kelele, "Agnese ametoka!" na wanawake wakaanza kutoka majumbani na sufuria zilizofunikwa, Lucrezia na maharage yake, Nunziella na tambi, mwingine na samaki wa chumvi, wakatufuata bila kusema. Hakuna aliyethubutu kunipita hata mimi.

Agnese aliusukuma mlango bila kubisha.

"Komare," alisema.

Mama alikuwa ameegemea upande mmoja wa kiti. Alifungua macho. Aliona bakuli, akaona aliyelishika, na uso wake ukawa wa msichana kwa muda kidogo. Agnese alivuta kigoda, akamtegemeza kichwa kwa mkono mmoja, akamlisha kwa kijiko. Kijiko cha kwanza mama alikimeza. Cha pili kilitiririka kidevuni, Agnese akakifuta kwa kitambaa kile cheupe.

"Chumvi imezidi," mama alisema.

"Siku zote hukujua kula."

Mama alimtazama. "Nilifika mpaka konani," alisema.

"Najua. Meza."

Wanawake walipanga vyombo mezani mpaka pakajaa, wakapanga na juu ya kasha, na juu ya kitanda cha Canio. Nyumba ilijaa harufu ya chakula. Mama hakuweza kula kingine. Tulimlaza. Agnese alikaa naye, amemshika mkono, wakizungumza mambo ya sabuni na beseni, kisha Agnese akawa anazungumza peke yake.

Mama alikufa kesho yake, maharage ya Lucrezia yakiwa hayajafika nusu. Daktari aliyepanda kutoka bondeni alisema ni moyo. Hakuuliza alikula lini, wala hakuna aliyemwambia.

Lucrezia aliosha sufuria yake akaenda kupika tena. Safari hii mji haukungoja. Agnese hakuwa amemshika mama ubatizoni, lakini alisema sahani ya kwanza ni yake, na hakuna aliyebisha. Alikuja mara tu tuliporudi kutoka makaburini, akaniwekea bakuli mbele, akasimama na mikono kiunoni mpaka nilipoanza. Nilikula. Nilikula kila walichoniletea wiki nzima, nikachovya na mkate, nikajaza tena. Najua walisema kichochoroni kwamba binti wa Carmosina ana roho ngumu, kapoteza watu wawili na anakula kama mkata kuni. Walisema pia kwamba mama alikufa vizuri, mkononi mwa komare wake, bila kuomba. Walisema hivyo kwa sifa. Mji mzima bado unasema hivyo, na nikipanda siku za sikukuu huniambia tena kisimani, na mimi huinamisha kichwa kama anayekubali.

Nilirudi bondeni kwa mke wa mfamasia. Huko hakuna anayeniuliza kitu, na hiyo inanifaa. Lakini nikiwa napiga pasi peke yangu, maneno huja mpaka menoni, kisha nayameza. Leo sitayameza. Mama, Canio alikuwa ameshazikwa. Ulibakiwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo alitaka uishi.