Zilipungua Sita

Magurudumu yaligusa lami, yakalia kidogo, na kabla ndege haijatulia ikanyanyuka tena. Nikachora vistari viwili kwenye karatasi: kimoja cha kutua, kimoja cha kupaa.

"Ngapi sasa, mwanangu?" Arlys Kubicek, aliyekuwa akiirusha, aliuliza redioni.

"Thelathini na tatu, mama. Zimebaki hamsini na tano."

"Haya. Usinisinzilie huko juu."

Ilikuwa inakaribia saa tano asubuhi, siku ya mwisho ya mwaka, hapa Veselka, Nebraska. Barua ya wakuu wa usafiri wa anga ilikuwa imefika tangu Septemba: uwanja usiofikisha miruko elfu kumi na mbili kwa mwaka, kila kutua na kila kupaa kukihesabiwa mmoja, utaondolewa mnara wake wa kuongozea ndege. Sisi tuliokuwa tukifanya kazi mnarani tulikuwa wawili tu, mimi na Leland Voss, naye Leland alikuwa na mke mjamzito na nyumba aliyoinunua juzi. Ndege ya barua ilipokwisha kutua na kuondoka asubuhi ile, tulikuwa tumepungukiwa themanini na nane.

Arlys ndiye aliyepata ufumbuzi. Alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, aliyewafundisha urubani nusu ya wakulima wa wilaya. Alipanda ngazi zote za mnara akihema, akaegemea mlango. "Nikigusa chini nikainuka papo hapo, kanuni inasemaje?"

"Ni miruko miwili."

"Hata nikizunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa?"

"Hata hivyo."

"Basi mafuta ninayo," akasema, akashuka.

Sikuwa mgeni wa hesabu hizo. Kabla ya Veselka nilikuwa Chicago miaka tisa, kwenye mnara ambao ndege zilikuja zimefuatana kama shanga kwenye uzi. Huko tulikuwa na ubishi usiokwisha na watu wa Atlanta. Wao walihesabu abiria, na abiria anayebadilisha ndege kwao alikuwa wawili, mmoja akishuka, mmoja akipanda. Sisi tulihesabu ndege zenyewe. Kila upande ulishika kipimo kinachoupa ushindi, kisha ukamcheka mwenzake. Nilikuwa hodari. Mwaka wa tisa vidole vikaanza kutetemeka juu ya kitufe cha redio, nikaomba mahali penye anga pana na ndege chache. Nikaletwa hapa, na baada ya majira mawili ya baridi vidole vikatulia. Nisingependa kuhamishwa tena.

Adhuhuri Arlys alitua kujaza mafuta, akanywa kahawa akiwa amesimama, akarudi hewani. Leland alileta redio yake ya nyumbani tukasikiliza mpira. Sitini. Sabini. Wakulima wawili waliegesha magari yao kando ya uzio na kumpigia honi kila alipogusa chini. Nami nilichora vistari, vinne na cha tano kikivikata, na kila fungu lilipokamilika moyo ulipata joto kama nimekunywa kitu.

"Themanini na moja," nilimwambia alipopaa tena. "Zimebaki saba, mama!"

"Kioo kinanisumbua," alisema. "Si kitu. Nafuta kwa glavu."

Hapo ndipo nikainua macho.

Theluji ilikuwa imeanza, sijui tangu lini. Mwisho wa njia ya ndege haukuonekana. Nilishika darubini nikamtafuta, nikampata akikata kona upande wa mashariki, chini kuliko inavyotakiwa, na ukingo wa bawa lake la njano ukiwa mweupe. Ile haikuwa theluji ya kupeperuka. Ilikuwa barafu, imeshika. Muda wote ule nilikuwa nikiitazama karatasi.

"Mama, tua usimame."

"Bado mizunguko mitatu, Casimir."

"Tua usimame."

"Nimeruka kwenye mabaya kuliko haya kabla mama yako hajakuzaa."

"Najua. Leo inatosha. Mama, nakuomba."

Leland alizima mpira. Tulimwona akija, bawa moja likilemea, likirekebishwa, likilemea tena, kisha magurudumu yakagonga lami kwa kishindo na ndege ikaserereka hadi ikasimama imepinda. Nikachora kistari kimoja.

"Sita," Leland alisema kwa upole. "Ziandike tu, Caz. Nani atajua? Alikuwa anaziruka, ni wewe umemshusha."

Nilimtazama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mtoto njiani. Nikaandika elfu kumi na moja, mia tisa tisini na nne, nikatia sahihi. Alichukua koti lake akashuka bila kuniaga.

Arlys hakuzungumza nami Januari yote. Leland alipata kazi Wichita, akahama kabla mtoto hajazaliwa, na kadi niliyomtumia haikujibiwa. Mwishoni mwa Machi walikuja watu wawili wenye gari dogo la mizigo, wakang'oa redio ya mnara.

Siku hiyo Arlys alinikuta nikifagia. Alikuwa na sahani ya kolachi, vimikate vitamu vyenye jamu ya aprikoti, iliyofunikwa kwa taulo. Tulikula tumeketi sakafuni, maana viti vilikuwa vimechukuliwa.

"Ile barafu," alisema akijifuta vidole, "niliiona mizunguko minne kabla yako."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi mno."

Akaniuliza nitakwenda wapi, nikasema kuna nafasi Chicago. Akainuka akipapasa magoti.

"Miaka kumi na moja unawaambia watu warukeje," akasema. "Umewahi kushika usukani, hata mara moja?"

"Hapana, mama."

"Aibu iliyoje. Njoo."

Tulipofika na ndege yake mwanzo wa njia ya kurukia alibonyeza redio akatangaza kwamba tunapaa kuelekea kusini, kana kwamba mnarani bado kulikuwa na mtu wa kumsikia. Alingoja kidogo. Kisha akaitoa mikono yake usukanini, akaiweka mapajani, na kutazama nje kupitia dirisha la upande wake.

"Polepole," alisema.